Mgonjwa wa kisukari avuliwe viatu kwanza

Msumari wa mabati ulikuwa umepenya soli ya kiatu cha mjomba wangu kwa siku mbili nzima. Alitembea nao kutoka nyumbani kwake Eastlands hadi kituo cha basi, akaenda nao kanisani, akarudi nao nyumbani. Hakujua lolote.

Aliyegundua ni mkewe, alipochukua soksi kuzifua akaona moja imekauka damu. "Baba watoto, umekanyaga nini?" akamwuliza. Mzee naye akashangaa. Alichokuwa amegundua ni kwamba kiatu kimoja kilikuwa kikigongagonga sakafuni, basi.

Wiki sita baadaye mguu huo ulikatwa chini ya goti.

Mjomba alikuwa ameishi na kisukari kwa miaka tisa, wala hakuwa mtoro wa kliniki. Kitabu chake kimejaa tarakimu: sukari, presha, uzani, sukari, presha, uzani. Nilichotafuta katika kitabu hicho nikakikosa ni mstari mmoja tu unaoonyesha kwamba kuna siku aliambiwa, "Mzee, vua viatu tukutazame miguu."

Kliniki yenyewe siitaji. Nimezungumza na jamaa na majirani wanaohudhuria kliniki nyingine jijini, na wengi wao wananieleza mambo yale yale. Wanaketi kwenye benchi tangu alfajiri, wanatobolewa kidole, wanafungwa kile kitambaa cha presha mkononi, wanaandikiwa dawa, wanakwenda zao. Kamba za viatu hazifunguliwi.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili ni kosa kubwa, tena kosa lisilo na udhuru. Ninasema hivyo kwa sababu ugonjwa wa kisukari haushambulii neva ovyo ovyo. Una njia yake, na njia hiyo imejulikana kwa miaka mingi. Anayeijua anaweza kwenda kuusubiri mahali unapoanzia, na mahali penyewe ni kwenye ncha za vidole vya miguu.

Ndugu msomaji, hebu fikiria neva, au mishipa ya fahamu kama wengi wetu tulivyofundishwa shuleni, kama nyaya za simu. Waya unaoleta habari za kidole gumba cha mguu una kiini chake karibu na uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni. Kutoka hapo hadi kwenye kidole ni kama mita moja kwa mtu mzima. Huo ni uzi mmoja wa chembe moja hai, mwembamba kuliko unywele.

Chembe hiyo ina kazi ya kulisha uzi wake wote. Vifaa vingine vya ukarabati husafiri ndani ya uzi kwa mwendo wa polepole mno, takriban milimita moja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: mita moja ni milimita 1,000, kwa hivyo shehena iliyotoka kiunoni leo itafika kidoleni baada ya karibu miaka mitatu.

Sasa ingiza sukari nyingi katika damu, mwaka baada ya mwaka. Sukari hiyo, pamoja na mafuta yaliyozidi, huivuruga mitambo midogo inayozalisha nguvu ndani ya neva, na vilevile huviharibu vijishipa vya damu vinavyoilisha neva yenyewe. Uzi mfupi unaweza kuvumilia. Ule mrefu kuliko yote ndio unaoanza kunyauka, tena kuanzia nchani, mahali palipo mbali zaidi na stoo.

Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni na katika miguu yote miwili kwa pamoja. Kisha hupanda: wayo, kifundo, muundi. Inapokaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi, kwa kuwa neva za mikononi ni fupi na zamu yao huja baadaye. Madaktari wameupa mtindo huu jina la soksi na glavu, na anayemwona mgonjwa akieleza kwa mkono wake ganzi ilipofikia ataelewa kwa nini. Huwa ni kana kwamba amevaa soksi ndefu ambazo hawezi kuzivua.

Si ugeni huu. Daktari mmoja wa Ubelgiji, Jean Pirart, aliwafuatilia wagonjwa 4,400 wa kisukari kati ya mwaka wa 1947 na 1973. Wachache tu walikuwa na madhara ya neva walipogunduliwa kuwa na ugonjwa huo, lakini baada ya miaka 25 walikuwa takriban nusu. Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea zaidi, neva zinaweza kuwa zimeanza kuharibika kabla mtu hajajua ana sukari.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanangoja maumivu.

Ni kweli kwamba wako wanaopata maumivu, tena makali. Miguu inawaka moto usiku hata shuka haiguswi, au inachomwa kana kwamba mtu amekanyaga michongoma, au inapigwa shoti kama ya stima. Hawa huenda hospitalini, hata kama kwanza walidhani ni baridi yabisi au uzee, au waliambiwa na jirani kwamba wamekanyaga kitu walichotegewa na mtu mwenye kijicho.

Ninaowahofia zaidi ni wale ambao hawasikii kitu. Inakadiriwa kwamba hadi nusu ya walioharibika neva za miguu hawana dalili yoyote wanayoweza kuieleza. Ukimwuliza mtu kama huyo, "Miguu inakuuma?" atakujibu kwa furaha, "La, daktari, miguu haina shida." Naye hasemi uongo. Mjomba wangu angejibu hivyo hivyo huku msumari uko ndani.

Daktari Mwingereza, Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940 miongoni mwa wagonjwa wa ukoma, ndiye aliyewafumbua macho wengi kuhusu jambo hili. Watu walidhani ukoma unakula vidole. Brand alionyesha kwamba vidole vilikuwa vikiharibika kwa sababu mwenyewe hakusikia maumivu: alishika sufuria ya moto, alikanyaga mwiba, akaendelea na shughuli. Baadaye akiwa Carville, Marekani, aliona kwamba miguu ya wagonjwa wa kisukari inaangamia kwa njia iyo hiyo.

Na kama kuna msomaji anayedhani natia chumvi, na asikie habari kutoka kwa majirani zetu. Mwaka wa 2005 Profesa Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari waliofika hospitalini wakiwa na vidonda vya kuumwa na panya. Panya walikuwa wamewatafuna miguu usiku wakiwa wamelala, nao hawakuamka.

Hapa Nairobi tuna ya kwetu. Baridi ya Julai ikishika, mtu anasogeza miguu kwenye jiko la makaa na hasikii ngozi inapoungua. Mwingine anaitumbukiza katika beseni la maji moto yenye chumvi ili kuondoa ganzi, na maji hayo hakuyapima kwa kiwiko. Mwingine amenunua viatu vizuri vya ngozi pale Gikomba, vimembana, lakini kwa kuwa miguu haisikii anaona vinamtosha sawasawa. Wapo hata wanaopenda viatu vinavyobana, kwa maana vile visivyobana wanahisi kama vinavuka.

Tena ganzi haiji peke yake. Misuli midogo ya wayo hulegea, vidole vikajikunja kama kucha za kuku, na uzani wote wa mwili ukaangukia mifupa ya chini ya vidole. Neva zinazoamuru jasho nazo hufa, ngozi ikakauka na kupasuka. Sugu inaota pale panapobanwa, na chini ya sugu kidonda kinajichimbia bila mwenyewe kujua. Damu ikiwa nayo haifiki miguuni vizuri, hapo ndipo donda ndugu linapopata makao.

Upo mguu mwingine wa kuogopa, ule unaovimba ghafla, ukawa mwekundu na wenye joto kuliko mwenzake, ilhali hauumi sana. Watu husema umeteguka, wakaukanda. Huenda mifupa iliyomo ndani inavunjikavunjika. Mguu wa namna hiyo haukandwi wala haukanyagiwi chini. Mwenyewe aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Nimesema kisukari kina njia yake. Kwa uaminifu niongeze kwamba kina vichochoro pia, ingawa si vya kila mtu.

Mara nyingine neva moja tu ndiyo inayopigwa. Mtu anaamka asubuhi na kope moja imeanguka, jicho limekwenda upande na anaona vitu viwili viwili. Ikiwa ni kisukari, aghalabu hupona katika muda wa miezi mitatu hivi, lakini asikae nyumbani akijipa moyo, kwa kuwa mshipa wa damu uliovimba ubongoni unaweza kuleta hali kama hiyo, hasa mboni ya jicho ikiwa imepanuka. Mwingine anapata maumivu yaliyouzunguka ubavu kama mshipi, akapigwa picha za kila aina za tumbo na kifua, kumbe ni neva ya kifuani. Wengine ni kiganja kinachokufa ganzi usiku, kidole gumba na viwili vinavyofuata, kwa sababu neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono.

Kuna na lile la paja. Mzee wa miaka hamsini na zaidi, sukari yake pengine si mbaya sana, anashikwa na maumivu makali ya paja upande mmoja, kisha paja linakonda, goti linakatika akipanda ngazi, na uzani unapungua hadi jamaa wanaanza kunong'ona. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, ingawa si wote wanaorudia nguvu zao za awali. Jambo la kukumbuka ni kwamba ganzi ya kisukari iliyo ya kawaida hushika pande zote mbili na huanzia chini. Ukiona ya upande mmoja, au iliyoanzia juu, au udhaifu unaokwenda mbio, usikubali kuambiwa "ni sukari tu" bila kuchunguzwa.

Hata ile ya miguu miwili si lazima iwe ya sukari. Metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi kuliko chochote kingine, kikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi inayofanana kabisa na hii. Tofauti ni kwamba wenyewe una tiba. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo huumiza neva, ndiyo sababu mgonjwa hupewa pamoja na vitamini B6. Pombe huharibu neva, figo mbovu huziharibu, virusi vya Ukimwi pia. Wasomaji wa rika langu wataikumbuka stavudini, dawa ya Ukimwi iliyowaacha wengi na miguu inayowaka moto mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoyahimiza mataifa mwaka wa 2009 kuiacha hatua kwa hatua.

Na zipo neva tusizozifikiria kabisa, zile zinazoendesha moyo, tumbo na kibofu bila kutuomba ruhusa. Zikiharibika mtu husimama akaona kizunguzungu, chakula kikakaa tumboni saa nyingi, mkojo usitoke wote. Nguvu za kiume hupungua, na hili, ashakum si matusi, ndilo wanaume wanalolificha kwa daktari wakalipeleka kwa wauza mitishamba wa kando ya barabara. Lililo baya zaidi ni kwamba mtu anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo bila yale maumivu ya kifua tunayoyajua. Atatokwa jasho, atachoka, atakosa pumzi, basi.

Kwa nini basi ninang'ang'ania viatu? Kwa sababu katika mambo yote hayo, miguu ndiyo inayojulikana itaanza na ndiyo rahisi kuliko vyote kuitazama.

Kifaa kinachotumiwa ni kiuzi kigumu cha nailoni ambacho hupinda kikisukumwa kwa uzani wa gramu 10. Kinaguswa kwenye wayo, mgonjwa akiwa amefumba macho, naye anasema anaposikia. Kipo pia chuma chenye ncha mbili kinachopigwa kikatetemeka, kikawekwa juu ya mfupa wa kidole gumba. Vyote viwili havihitaji umeme wala fundi kutoka ng'ambo.

Ikiwa hata hivyo havipo, kipo kidole. Mwaka wa 2011 madaktari wa mji wa Ipswich nchini Uingereza walieleza kipimo kisichotaka kifaa chochote. Mgonjwa anafumba macho. Mwenzake anamgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi na kwa muda wa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha kati na kidole kidogo cha kila mguu. Ni sehemu sita. Asipige, asibonyeze, wala asitekenye. Asiposikia mahali pawili au zaidi, mguu huo uko hatarini na apelekwe kliniki.

Nimekifanya kwa mama yangu, ambaye naye ana sukari. Kilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maziwa.

Najua nitakavyojibiwa na wahudumu. Watasema foleni ni ndefu, wauguzi ni wachache, chumba ni kimoja. Ni kweli, nami sibishi. Lakini foleni hiyo ndiyo dawa yenyewe. Wagonjwa huketi saa tatu au nne wakingoja. Viatu vingeweza kuvuliwa pale pale kwenye benchi, na mwanafunzi wa uuguzi au mhudumu wa afya ya jamii akapita na kidole chake kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Daktari angepelekewa tu wale walioshindwa, na wale wenye sugu, michubuko au vidole vilivyojikunja.

Watanzania walianza mpango wa hatua kwa hatua wa kuwafunza madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu ya wagonjwa wa kisukari mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwa na uhaba kama wetu. Nasi hatukosi maagizo. Mwongozo wa kitaifa wa Wizara ya Afya kuhusu tiba ya kisukari, uliotolewa mwaka wa 2010 na kurekebishwa 2018, unataka miguu ikaguliwe. Karatasi ipo. Miguu ndiyo ingali ndani ya viatu.

Atauliza mwingine: kuna faida gani kujua, ikiwa neva iliyokufa haifufuki? Swali hilo lina ukweli wake. Dawa kama amitriptilini, duloksetini na pregabalini hupunguza maumivu, hazirudishi hisia. Na mwenye kuuza majani barabarani kwa madai kwamba yanafufua neva anauza majani.

Lakini kujua mapema kunabadilisha mambo mawili. La kwanza ni sukari yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliomalizika mwaka wa 1993, uliohusu wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya madhara ya neva kwa asilimia 60. Kwa aina ya pili faida imekuwa ndogo zaidi, lakini ipo. Mtu ambaye sukari yake imekuwa juu kwa miaka asiishushe kwa pupa bila daktari, maana kushuka kwa ghafla kunaweza kuleta maumivu mapya ya neva, na wengine huacha insulini kwa kudhani ndiyo iliyowaroga.

La pili ni kwamba mtu anayejua kuwa hasikii huishi kwa macho. Hutikisa kiatu na kutia mkono ndani kabla ya kukivaa. Hatembei pekupeku, hata ndani ya nyumba. Hununua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, tena vipana. Hakati sugu kwa wembe. Kila usiku hutazama nyayo zake, na kama shingo au goti haliruhusu, huweka kioo sakafuni au humwomba mjukuu amtazamie. Akiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, haendi kununua poda ya kunyunyizia, anakwenda hospitalini.

Mjomba sasa anafanya hayo yote kwa mguu mmoja uliobaki. Juma lililopita alikwenda kliniki, ikafika zamu yake, na kabla muuguzi hajachukua kifaa cha kupimia sukari mzee alikuwa ameshainama na kuanza kufungua kamba. Muuguzi akamwambia, "Mzee, hapa hatuvui viatu." Akamjibu, "Mimi nimevua, binti yangu. Tazama tu." Naye akautazama. Kati ya vidole viwili vya mwisho palikuwa na mpasuko mdogo ambao mzee hakuwa ameuona, ukasafishwa na kufungwa siku hiyo hiyo.